Shingo za Stoil

Stoil Vranchev hakuwa na baba. Aliyemzaa alipanda tishali lililokuwa likishuka mto Danubi, na njia ya kurudi mji wetu wa Ruse hakuikumbuka tena. Hakuwa na koti la maana. Hakuwa na mke, wala usingizi wa wakati watu wanapolala, kwa kuwa kiwanda cha mkate kilimtaka kazini mji mzima ukiwa kitandani. Hakuwa na meza. Alichorea juu ya ubao wa kukandia unga. Hakuwa na mwalimu isipokuwa sisi, na sisi wenyewe tulijifunza kwa kuokoteza. Hakuwa na miaka ya kuchezea, kwa sababu chuo cha sanaa cha mji mkuu hakikupokea mtu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, naye alikuwa anaitimiza kiangazi kile. Na pengo lililoyapita yote, kwa mtu anayetaka kuchora watu: hakuwa na mtu wa kumsimamia akamchora.

Mkono alikuwa nao. Akishika makaa ya kuchorea, karatasi ilikuwa kama inamngoja. Ndiyo maana kikundi chetu kilipoambiwa kinaweza kupendekeza mtu mmoja tu, tulimpendekeza yeye. Kura moja ndiyo iliyokwenda kwingine, ya Lyuben, ambaye alijipigia mwenyewe na wala hakuficha.

Chuo kilitaka karatasi moja kubwa: mtu mwenye mzigo, aliyechorwa kwa mkono wa mwombaji na si mwingine. Kilitaka pia barua ya mkuu wa kikundi kuthibitisha hivyo. Mkuu wa kikundi nilikuwa mimi, Trifon. Mchana nilikuwa fundi wa kukereza vyuma, na shule nimesoma ya jioni, darasa baada ya darasa, mikono ikinuka mafuta ya mashine, mpaka nikapata cheti. Sahihi yangu niliipata kwa jasho, na mtu wa namna hiyo hatii sahihi mahali ovyo.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Jumamosi. Posta ilifungwa saa kumi na moja.

Tulikutana kama kawaida katika jumba la kusomea la mtaa, ghorofa ya juu, chumba ambacho siku nyingine kilikuwa cha kwaya. Kulikuwa na jukwaa dogo la waimbaji, jiko la makaa ya mawe, na ukuta mrefu wa kubandikia picha. Saa saba hivi Stoil aliingia akitoka kazini moja kwa moja, zamu ya usiku ikiwa imerefushwa, unga ukiwa bado kwenye nyusi, karatasi yake ikiwa imebanwa katikati ya maboksi mawili.

"Mzee Trifon, weka sahihi niwahi posta."

"Haijavaliwa hiyo," sauti ikatoka dirishani.

Alikuwa Lyuben, mchora ramani wa ofisi ya bandari, mtu aliyechonga penseli zake mpaka ungeweza kushonea nguo. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu chuo kwa njia yake mwenyewe, akarudishiwa karatasi bila neno hata moja. Siku hiyo alikuja na mkoba wake mkubwa wa picha, akauegemeza kwenye mguu wa kiti. Sote tuliuona, na hakuna aliyeuliza.

"Mtaivaa ikirudi," Stoil akasema. "Leo sina muda wa michezo."

"Ikirudi itakuwa imeshavaliwa na waliosoma. Kanuni ni kanuni, au ni kwa sisi wengine tu?"

Niseme kanuni yenyewe. Hatukuwa na maneno makubwa ya kusifia wala kulaumia picha. Tulikuwa na desturi moja tuliyoiita kuvaa. Karatasi inabandikwa ukutani. Mwenye picha anaipa mgongo na kunyamaza. Mwingine anasimama katikati ya chumba na kuuweka mwili wake kama ulivyo mwili wa kwenye karatasi, mguu kwa mguu, bega kwa bega, kisha anasema anachokisikia humo ndani. Haruhusiwi kusema "mkono huu umechorwa vibaya." Anasema "mkono wangu unauma," au "mkono wangu hauna kazi." Maneno yanaweza kuwa na wivu, lakini goti haliwezi. Na kanuni ya pili: hakuna anayegusa karatasi ya mwenzake, hata kwa ncha ya kidole.

"Ibandike," nikamwambia Stoil. "Kama ni nzima, itachukua muda wa kunywa kahawa."

Akaibandika kwa hasira, akageuka.

Ilikuwa picha ya mpakuzi wa bandarini akishuka kwenye ubao kutoka tishalini, gunia la ngano begani. Mwanga ulivyoliangukia lile gunia, ungedhani ukiligonga litatoa vumbi. Mileva, aliyekuwa mshonaji wa mavazi katika jumba la maigizo na mtu wa nne katika kikundi chetu, alisogea karibu akaguna.

"Huyu akinibishia hodi, simuulizi hata jina."

"Ngoja nimvae kwanza, dada Mileva, ndipo uolewe naye," akasema Lyuben.

Aliburuta benchi, akaegemeza ncha moja kwenye jukwaa ili upatikane mteremko kama ule wa kwenye picha. Akachukua gunia la makaa ya mawe lililokuwa kando ya jiko, limejaa kama nusu, akalitupa bega la kulia, akapanda.

"Kiuno changu kimeshuka. Vizuri," akaanza. "Mguu wa mbele umeushika ubao. Vizuri. Gunia linanisukuma kushoto, nami nakubali. Vizuri."

Nilimwona Stoil, aliyekuwa ametupa mgongo, akishusha mabega.

Kisha Lyuben aliitazama picha, akaigeuza shingo yake, akaitazama tena, akaigeuza zaidi.

"Shingo yangu," akasema polepole.

"Ina nini?" nikauliza.

"Inatazama kando. Niko juu ya ubao mwembamba, chini yangu maji, juu yangu gunia, nami nimegeukia huko pembeni kama bibi harusi anayemtafuta mpiga picha."

Mileva alicheka, akajizuia. "Labda kaitwa. Watu huitwa."

"Akiitwa husimama. Huyu anatembea." Akapiga hatua moja, shingo ikiwa vilevile, na mguu ukakosa ukingo wa benchi. Aliruka chini kabla gunia halijamwangusha. "Basi nimeshakufa. Nimo Danubi pamoja na ngano ya serikali. Na mkono wangu wa kushoto uko wapi?"

"Nyuma ya kiuno," Mileva akasema.

"Unafanya nini huko? Mtu aliyebeba hutumia mkono wa pili kama paka anavyotumia mkia. Wangu nimeuficha kama nimeiba kitu."

Akaliacha gunia, akaenda kwenye ukuta mrefu zilipokuwa picha za Stoil za mwaka ule. Alizipitia moja moja, na mwendo wake ukawa mzito kadiri alivyoendelea. Mwanamke anayefua zulia. Mzee anayefunga kiatu. Mlevi aliyelala kwenye benchi la stesheni.

"Njooni mwone," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Huyu anatazama kule. Na huyu, kulekule. Mlevi kafumba macho, yuko katikati ya ndoto zake, na shingo bado imegeukia kulekule. Na mkono wa kushoto hakuna hata mmoja aliye nao wa kueleweka."

Tulikuwa tumezivaa zote hizo, kila moja kwa siku yake. Shingo iliyogeuka haimuui mtu aliyekaa, nasi tulidhani ndio mtindo wa Stoil.

"Stoil," Lyuben akaita. "Nyumbani una kioo kikubwa?"

Stoil akageuka, kinyume cha desturi. Uso wake ulikuwa umepauka kuliko ule unga.

"Cha mlango wa kabati," akasema. "Cha mama."

Hapo sote tukaelewa. Aliporudi nyumbani kutoka kazini asubuhi, wakati wanakikundi wanaosimamiana wako makazini mwao, alijisimamia mwenyewe. Alijitwisha gunia la unga bega la kushoto, ambalo kiooni linakuwa la kulia, akashika makaa kwa mkono wa kulia, ambao kiooni ni wa kushoto na ulikuwa na shughuli ya kuchora, hivyo akauficha. Na shingo ilibidi aigeuze, la sivyo angejionaje? Mkono wake mwaminifu ukachora kila ulichokiona.

"Umejichora wewe mwaka mzima," akasema Lyuben. "Umejivika sketi, umejivika ndevu, umejilaza stesheni."

"Ukangoja siku ya mwisho kuniambia."

"Siku ya mwisho ndiyo niliyobeba gunia."

"Umekuja na mkoba wako, Lyuben! Unadhani hatuna macho?"

"Nimekuja nao, ndiyo. Mwenye njaa huja na kijiko chake."

"Shingo ya picha haina kosa. Kosa liko kwako, umekauka kama rula!"

Lyuben alichukua kipande cha makaa ya kuchorea juu ya jukwaa, akaenda kwenye ile karatasi, na kwa mkono mmoja usiotetemeka akavuta mstari kutoka shimo la koo mpaka kisigino, kisha mwingine mfupi ulioshusha kichwa na kukielekeza mbele.

"Hivi!" akapiga kelele. "Hivi ndivyo mtu asivyoanguka!"

Makaa ya mawe yalijongea ndani ya jiko.

"Lyuben," akanong'ona Mileva. "Mkono wako."

Aliutazama mkono wake kana kwamba kauazima. Siamini kwamba alikuwa amekusudia. Lakini Stoil hakungoja kuuliza makusudio. Alimkamata kwenye kola akamsukuma mpaka mgongo wake ukagusa bomba la jiko, na harufu ya sufu inayoungua ikapanda. Nilijitia katikati yao. Niliishika mikono ya Stoil, mikono ya mtu anayeinua masinia ya mikate, nikajua kwamba akitaka kunitupa atanitupa.

"Mwache," nikamwambia. "Ukimpiga, saa kumi na moja itafika vilevile."

Akamwachia. Wa kwanza kupata la kufanya alikuwa Mileva. Alifungua mfuko wa Stoil, akatoa mkate aliokuja nao kutoka kiwandani, akachimba sehemu laini ya ndani na kuifinyanga.

"Futa. Gonga tu, usisugue. Makaa yatatoka."

Stoil akagongagonga. Weusi ulitoka kidogo kidogo, mkate ukageuka kijivu. Lakini karatasi nzuri ina meno, yaani uso wa kukwaruza unaoshika makaa, na mstari wa mtu aliyekasirika huingia ndani. Kikabaki kivuli chembamba. Jambo baya zaidi lilikuwa jingine, na sote tuliliona wakati mmoja: ule mstari ulikuwa sahihi. Yule mpakuzi, pale kivuli kilipopita, alikuwa anashuka kweli.

Mkono wa Stoil ukasimama.

"Mzee Trifon," akasema bila kunitazama. "Nikiufuata huu? Shingo nitaichora mwenyewe, mkono nitauchora mwenyewe. Utasaini?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nani huko mji mkuu angejua? Mileva alitazama sakafu. Lyuben alitazama dirisha. Wote walikuwa tayari kunyamaza, hilo nililiona.

"Barua inasema mkono wa mwombaji na si mwingine," nikasema. "Huo sitausaini. Irudishe shingo yako ya kioo, nitasaini sasa hivi, maana hiyo ni yako."

"Yaani nitume kosa, au nisitume kitu."

"Au uchore upya."

"Saa ngapi sasa? Na nimchore nani, jiko?"

Hapo Lyuben akakohoa. "Kama hana cha kutuma," akasema, "si vizuri nafasi ya kikundi ipotee bure." Akauinua mkoba wake.

"Sawa," akasema Stoil. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu hilo halikunipendeza. "Nayo ivaliwe."

Ikabandikwa. Lyuben akaipa mgongo, wima kama mlingoti. Ilikuwa picha ya mwanamume aliyekumbatia sanduku kifuani. Kila kipimo kilikuwa mahali pake. Ungeweza kujenga nyumba juu yake. Stoil alichukua sanduku la vitabu vya kwaya, akasimama kama alivyosimama yule mtu. Magoti, viwiko, kidevu.

Akasimama. Tukangoja. Akaendelea kusimama.

"Unasikia nini?" nikauliza.

"Sisikii kitu."

"Sema ukweli," akasema Lyuben huku katupa mgongo.

"Ndio ukweli wenyewe. Shingo iko sawa. Goti liko sawa. Mikono yote miwili ipo, hongera. Lakini sanduku ni tupu. Naweza kusimama hivi mpaka Pasaka, na wimbo nikaimba. Hakuna kinachonivuta chini. Sikulitoa mahali, na silipeleki mahali."

Nilitazamia ugomvi. Lyuben hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Na ya mwaka jana?" akauliza, hatukujua anamuuliza nani.

"Na ya mwaka jana, kaka," akasema Mileva taratibu. "Niliivaa nikasikia hivyohivyo, ila sikupata namna ya kuisema."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tisa. Tulikuwa na picha mbili, moja ya mtu anayeanguka bila kujua na moja ya mtu asiyebeba kitu, na barua ambayo mahali pa jina palikuwa patupu. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu mambo ya kuwaambia wote wawili ili wasitengane kwa chuki. Ndipo Lyuben akavua koti lake lililoungua, akavua na viatu.

"Lijazeni gunia," akasema.

Stoil akamtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuumwa. "Kwa nini?"

"Usinishukuru, nakuja kuiba. Nataka kujua mzigo unakaa wapi. Wewe utachora, mimi nitabeba, kila mtu na faida yake. Haya, mnangoja nini? Lijazeni!"

Tukalijaza mpaka juu. Karatasi kubwa zilikuwa zimebaki mbili. Stoil akabandika ya kwanza kwenye ubao wa kuchorea, akasimama mahali ambapo benchi lote lilionekana, na Lyuben akaanza kushuka.

Hatua haina kituo. Mtu aliyekaa unaweza kumwambia atulie, lakini anayeshuka na gunia huwezi kumsimamisha katikati ya ubao. Akisimama hashuki tena. Kwa hiyo Lyuben alishuka, akazunguka, akapanda ngazi za jukwaa, akashuka tena, na kila aliposhuka Stoil aliiba kidogo: safari hii kiuno, safari ijayo kisigino.

"Goti la mbele linachoma," Lyuben akasema akipita. "Andika hilo."

"Panda tena."

"Gunia linakula sikio langu. Kichwa hakina pa kwenda ila chini."

"Panda."

Mileva, aliyesimama nyuma ya Stoil, akapiga ukelele. "Shingo! Stoil, shingo!"

Tulikimbilia karatasi. Mtu wa Stoil alikuwa anashuka vizuri kabisa, na kichwa chake kilikuwa kimegeuka, kinatutazama sisi. Lyuben hakuwa ametutazama hata mara moja. Ulikuwa ni mkono wenyewe, kwa mazoea ya mwaka mzima, umekwenda kulekule ulikozoea.

Stoil aliing'oa karatasi, akaikunja, akaitupa ndani ya jiko. Akabandika ya mwisho. Makaa yalikatika kati ya vidole vyake kabla hayajagusa kitu.

"Siwezi," akasema. "Nikifika shingoni, naona kioo."

"Basi usianze na kichwa!" Lyuben alifoka kutoka juu ya jukwaa, jasho lenye vumbi jeusi likimtiririka. "Mimi hapa sina uso, bwana! Nina vidole vya miguu! Macho yangu yako kwenye ubao. Tazama ninakotazama, acha kunitazama mimi!"

Stoil akashusha macho kwenye benchi. Akachora benchi kwanza. Kisha mguu juu yake, kisha uzito uliokuwa juu ya mguu, akipanda kutoka chini kwenda juu kama mtu ajengaye ukuta. Hakutazama uso wa Lyuben kabisa. Alifika kiunoni, akafika begani, akasita.

"Mara moja tena."

"Miguu inatetemeka."

"Naiona. Mara moja."

Lyuben alipanda. Sote tulijua hakufaa kupanda. Alipofika katikati ya mteremko, soksi yake iliteleza kwenye mbao zilizopakwa vumbi la makaa. Kwa kitambo kifupi hakuanguka. Mkono wa kushoto uliruka kando na kufunguka vidole vyote, shingo ikazama katikati ya mabega, mwili mzima ukajikusanya chini ya gunia kama ngumi. Kisha akaanguka, na makaa ya mawe yakatawanyika chumba kizima.

Mileva alimkimbilia.

"Msiniguse!" Lyuben akapiga kelele pale sakafuni, kashika kifundo cha mguu. "Achore kwanza! Asinitazame, achore!"

Wala Stoil hakuwa amemtazama. Alikuwa anachora huku akitazama mahali patupu alipokuwa yule mtu, akipumua kwa kinywa. Nilimuonea Lyuben huruma, na nikamkasirikia Stoil, na mikono yangu wakati wote huo ilikuwa inaushikilia ubao wa kuchorea usitikisike.

Alipoacha, tulisogea kutazama. Mguu wa nyuma haukuwa na vidole. Gunia lilikuwa mistari mitatu tu; lile gunia la mwanzo, lenye vumbi na mwanga, lilikuwa mara kumi zuri kuliko hili. Uso haukuonekana, na Stoil alipenda sana kuchora nyuso. Lakini ule mkono wa kushoto ulikuwa umekamata hewa.

"Ni kazi ya mtoto," akasema Stoil. "Watacheka."

"Ivaliwe," akasema Lyuben kutoka sakafuni.

Yeye asingeweza, kifundo kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Mileva alikuwa mwembamba kama utepe wake wa kupimia vitambaa. Nilibaki mimi, na nyonga yangu haikunipenda tangu zamani. Nikavua viatu. Walinitwisha gunia lililojazwa nusu, nikapanda, nikauweka mwili wangu kama ule wa kwenye karatasi: kichwa chini, mkono kando, uzito wote juu ya mguu mmoja uliokuwa tayari umechelewa.

Stoil alikuwa ameipa picha mgongo. Niliyaona mabega yake.

"Naanguka," nikasema.

Hakugeuka, ila aliuliza, "Upande gani?"

"Mbele. Lakini bado sijaanguka. Mguu wangu unadhani utawahi."

"Na shingo?"

"Shingo haina habari na mtu yeyote."

"Basi shuka, Mzee," akasema Mileva, "usije ukatufia juu ya benchi la kwaya."

Alitoa mkebe wa dawa ya kupuliza ya kukazia nywele za waigizaji, akaipulizia karatasi ili makaa yasitoke, na chumba kikanuka kama saluni. Mimi nikaketi, nikajaza jina: Stoil Vranchev. Niliandika kwamba picha imechorwa mbele yetu, alasiri hii, kwa mkono wake na si mwingine.

"Ongeza kwamba muda ulikuwa mfupi," akasema Stoil, "na kwamba najua gunia halijaisha."

"Picha haisafiri na wakili," nikamjibu. "Watakachoona ndicho ulichotuma."

Lyuben alikuwa amekaa juu ya ngazi ya jukwaa, mguu ndani ya beseni la maji. "Andika na jina langu," akasema.

"Kama nani?"

Alifikiri. "Kama aliyebeba."

Nikaliandika chini ya la Stoil, kisha nikatia sahihi. Stoil alikwenda kumwinamia Lyuben, akataka kusema kitu.

"Nenda," Lyuben akamwambia. "Utanichosha na hotuba, na posta wanafunga. Mkoba wangu niachieni hapa, nataka kuliangalia lile sanduku tena."

Tulikwenda wawili, Stoil na mimi, yeye akitangulia na kurudi nyuma kunivuta. Bibi wa posta alikuwa ameshashusha nusu ya pazia la dirisha lake.

"Jumatatu, baba zangu."

"Mama, Jumatatu nitakuwa sina haja," akasema Stoil.

Alitutazama, mmoja mweupe kwa unga na mwingine mweusi kwa makaa, akalipandisha pazia. Stoil akaiingiza picha na barua yangu ndani ya bahasha kubwa. Kisha akaitoa picha nusu, akautazama ule mkono, akairudisha, akaitoa tena.

"Unaifunga au unaifungua?" bibi akauliza. "Mimi nina watoto nyumbani."

Stoil aliingiza karatasi mpaka mwisho. Alipaka gundi ukingo wote, akaubonyeza kwa gumba kutoka kona mpaka kona, akaisukuma bahasha upande wa pili wa dirisha. Bibi aliipima, akabandika stempu, akaipiga muhuri wa siku ile, na akaitupa pamoja na nyingine zilizokuwa zikingoja gari la moshi.